Mavyaa Aliyegombana na Milima

Mavyaa wangu hakuweza kupita penye mlango ulio wazi bila kuuliza nani ameuacha wazi, wala penye mlango uliofungwa bila kuuliza watu wa humo wanaficha nini. Alikuwa mama mzazi wa mume wangu, na nilikaa naye nyumba moja miaka mingi kuliko niliyokaa na mume mwenyewe. Nikisema alinichosha, mtu asidhani natia chumvi. Kuna siku nilikuwa nikipanda darini kuanua nguo zilizokwisha kuanuliwa, nipate tu kukaa mahali ambapo sauti yake inafika imepungua.

Hakuna nililofanya likawa sawa. Mofa, mikate yetu ya mtama, nikiziacha kidogo motoni, zilikuwa zimeungua. Nikizitoa mapema, zilikuwa mbichi na zingetuua sote. Nikinyamaza alisema, "Aliyenyamaza ana lake." Nikizungumza alisema kwetu sikufunzwa kusikiliza. Hakuniita kwa jina langu. Aliniita mkaza mwana, yaani mke wa mwanawe, na akikasirika aliniita mwana wa watu, kama kwamba yeye alizaliwa na mawe.

"Kitu hakiharibiki siku moya," alikuwa akisema, huku akipitisha kidole katika vidaka vya ukutani kutafuta vumbi. "Huharibika huku unakitazama." Akilipata vumbi lake alininyooshea kile kidole, kimya, mpaka nilione.

Mwanawe, Athmani, alinioa kisha akasafiri hina ya harusi haijaisha kuchani mwangu. Alikwenda Hadharamauti, kwa jamaa za marehemu babake, akasema atarudi mwaka ujao. Mwaka ujao ukaja ukapita, ukaja na mwenziwe. Wasafiri walituletea habari kwamba ni mzima, ana afya, anamsalimu mamake. Mimi mara nilisalimiwa, mara nilisahauliwa. Nikawa si mjane, si mtalaka, na ukinitazama vizuri si mke pia. Wenzangu tuliochezwa unyago pamoja walikuwa wameshaanza kufunza watoto wao alifu na bee, na mimi nafuta vidaka.

Kadhi, alipoombwa anivunjie ndoa, alituma neno kwamba nisubiri, kwa kuwa mume yu hai na aliko kunajulikana. Nduguze babangu walitaka kulipeleka shauri tena. Mavyaa aliwapokea, akawapa kahawa na halua, akawaacha waseme mpaka wakamaliza. Kisha akasema nyuma ya pazia, "Mwanangu hakuzaliwa na kadhi. Nitamwandama mwenyewe, nimshike sikio, nimlete."

Nilidhani ni maneno. Ole wangu.

Lazima nieleze jambo hili lilikuwa la ajabu namna gani. Mavyaa alikuwa mwanamke wa kutawa. Katika ujana wake hakukanyaga njia ya mji wetu wa Amu ila ndani ya shiraa, lile hema la kitambaa linaloshikiliwa na wajakazi kwa miti pande zote, naye anatembea katikati asionekane hata kisigino. Kwenda kwa jirani alipita wikioni, kwenye daraja la juu linalounganisha nyumba na nyumba. Watumwa walipopewa uhuru, waliokuwa wakishika miti ya shiraa walikwenda zao, na mavyaa akaapa kwamba hatatoka tena mpaka atakapotolewa kwa jeneza. Alikaa ndani akiwalaumu kwa majina, mmoja mmoja, ingawa wawili kati yao walikuwa wakija kila Ijumaa kumsalimu na kumletea samaki, naye akiwapokea na kuwauliza habari za watoto wao na kuwafungia mofa za njiani. Wakishatoka tu, anaanza tena.

Mwanamke huyo ndiye aliyetoka mlangoni asubuhi moja, kajitanda buibui jeusi, akamwambia nduguye mdogo, "Twende." Huyo nduguye tulimwita mjomba. Alikuwa mtu mwema sana, na kipaji chake kikubwa kilikuwa usingizi. Alilala ameketi, alilala ameegemea, na huko mbele ya safari nilimwona amelala juu ya ngamia anayetembea. Ndiye mwanamume aliyetusindikiza. Nilipotazama nyuma niliona majirani wamejaa madakani, penye vibaraza vya milango yao, wanatazama, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mavyaa akitembea. Alikuwa na mwendo wa haraka mno. Tangu hapo mpaka mwisho wa safari sikuwahi kumfikia.

Safari ya bahari niiache. Alilaumu chombo, alilaumu nahodha, alilaumu mchele, na siku aliyoumwa na bahari alinilaumu mimi. Tulishukia Makalla, mji mweupe uliobanwa baina ya maji na mlima mweusi, ambako ngamia hulishwa dagaa waliokaushwa. Mavyaa alipoona hayo aliziba pua. "Nti gani hii, ng'ombe wao wanakula samaki?"

"Ni ngamia, mama," nikasema.

"Nimeona ni ngamia. Mimi si kipofu. Nasema *kama* ng'ombe."

Hakusema kama. Lakini nilikwisha kujifunza.

Huko Makalla tulijiunga na msafara wa Mabedui waliokuwa wakipeleka mchele na tende bara, kwenye bonde la Doani, ambako Athmani alikuwa akikaa. Mkubwa wao aliitwa Mubaraki. Kama wenziwe, alikuwa amejipaka nila mwili mzima kujikinga na baridi, kifua na mabega yanang'aa buluu. Mavyaa alimtazama tangu utosi hadi nyayo.

"Huyu ni mtu au kaniki?"

Mubaraki akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe alikuwa amewahi kubeba mizigo bandarini Amu siku za ujana wake, na Kiswahili alikuwa anakielewa. Nilitamani ardhi inimeze. Mavyaa hata hakupepesa. Alimwambia, "Kama unasikia, vizuri. Ngamia wangu asiwe yule mwenye kidonda."

Hapo ndipo ilipoanza milima. Mimi niliyezaliwa Amu sikujua mlima ni nini. Nilidhani ni kama vile vilima vya mchanga vya Shela, ila virefu. Tulipanda siku baada ya siku katika njia iliyochongwa ubavuni mwa jabali, mawe yanateleza chini ya miguu ya wanyama, na kila tulipodhani tumefika juu, palikuwa na juu nyingine inatungoja. Kisha tukatokeza kwenye uwanda mpana wa mawe meusi, mkavu, hauna mti, hauna nyumba, upepo unakata masikio, na mabonde yamepasuka chini yake kama ufa katika sahani. Nilisimama nikasahau taabu zangu zote. Moyo wangu ulipanuka, sijui nisemeje.

Nyuma yangu mavyaa akasema, "Astaghfirullahi, lakini milima hii haikumalizwa."

Aligombana nayo kila siku. Kikija kilima kipya, aliuliza kina haja gani. Jua likichomoza nyuma ya kilele, alisema limechelewa. Kwenye ule uwanda watu wema wamejenga vijumba vidogo vyeupe vya maji, vyenye kuba, ili msafiri anywe akumbuke kuwaombea dua. Mavyaa alikunywa, akawaombea dua waliojenga, kisha akasema mai yana ladha ya mbuzi. Akasema mai ya visima vya Shela ni ya peponi. Huko Amu, maji hayo hayo ya Shela, alikuwa akiyarudisha kwa mchukuzi kwamba yamenuka mtungi.

Hili ndilo lililokuwa likinitia wazimu. Mavyaa alikuwa hakubaliani na mahali alipo. Akiwa Hadharamauti, Amu ilikuwa mui, mji wa watu wastaarabu, wenye haya na adabu na mapishi. Na tuliporudi Amu, wallahi, nilimsikia akimwambia jirani yake wikioni, "Huko Arabuni wana milango, mwanangu! Hii yetu ni ubao wa kufunikia kisima." Nilikuwepo alipoitazama milango ile. Aliizunguka, akaigonga, akasema nakshi zake zimechongwa na mtu mwenye haraka.

Habari ya kupanda ngamia nayo ilikuwa kisa. Alitaka Mabedui wawili watembee pande mbili za ngamia wameshika kitambaa, asionekane. Mubaraki alimwambia hakuna wa kumwona ila kunguru. Hata hivyo alimkubalia, kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao, na upepo wa kwanza wa uwandani ukakichukua kile kitambaa, ukakipeleka bondeni, tukakitazama kinavyozunguka mpaka kikawa kama kipepeo. Mavyaa akashuka. Akasema ngamia ni mnyama asiye na imani, akatembea kwa miguu. Mwanamke ambaye Amu hakukubali kuvuka kichochoro bila kufunikwa, alitembea kwa miguu juu ya mawe yale, mbele ya msafara, buibui limepandishwa kifundoni, akiwaambia Mabedui kwamba wanakwenda kama wanaopeleka maiti.

Alikuwa akiwadharau Washihiri, kama wengi wa watu wa tabaka lake walivyofanya. Wale watu wa Hadharamauti waliokuja Amu kuchukua maji, kuuza kahawa na kufagia maduka, yeye aliwaita watu wa juzi. Mume wake mwenyewe alitoka huko huko, lakini huyo hakuhesabiwa. Sasa tulikuwa kwao, na kila mji tulioupita, vijiji vya udongo vilivyobandikwa chini ya magenge kiasi kwamba huoni palipoishia jabali na palipoanza nyumba, tulipokewa na watu wa namna ile ile.

Katika kijiji kimoja tulikaribishwa na mwanamke fukara. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na mbuzi mmoja. Alitutandikia mkeka wake, akatuletea asali ya mkunazi na kahawa ya maganda ya buni iliyotiwa tangawizi, kama wanavyokunywa huko. Mavyaa akanywa, akaniinamia. "Maganda," akasema. "Na buni zenyewe walimpa nani?" Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga wangu.

Tulipokuwa tukiondoka yule mwanamke alitusindikiza mpaka nje, anatetemeka kwa baridi ya alfajiri, kajifunika gunia. Mavyaa akavua leso yake nzito, mpya, akamzungusha mabegani, akaifunga vizuri mbele kama anayemvisha mtoto, asiseme neno hata moja. Akageuka akaenda. Nilimfuata macho yameniloa. Nilijisemea, leo nimemwona. Basi ndivyo alivyo kwa ndani. Nikataka kumwambia.

Hatujafika mbali akaanza. "Baridi hii itaniua. Na wewe, mkaza mwana, mbona hukuniambia kwamba leso yangu ni moya tu?"

Alinilaumu mpaka jua likawaka. Nilimpa yangu. Akaichukua, akasema inanuka moshi.

Basi ndipo mimi nikaugua. Homa ilinishika tulipopanda tena juu uwandani, mahali ambapo hapana hata kivuli cha jiwe. Nilianguka kutoka kwenye ngamia nisijue nimeanguka. Mabedui waliniinua, wakanifunga juu ya mizigo, wakataka kuendelea, kwa sababu maji yalikuwa mbali na wanyama hawakunywa tangu jana. Mubaraki hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli tupu: tukikaa, sote tutapata taabu.

Mavyaa akatembea hadi kwa ngamia wa kwanza, akaketi chini mbele ya miguu yake.

"Bibi, ondoka," akasema Mubaraki.

"Siondoki."

"Maji hapana hapa. Mbele kuna maji."

"Yafuate. Utaleta kiriba. Sisi tutakungoja."

"Na majambazi je?"

"Wakija nitazungumza nao."

Nilikuwa nimelala nasikia maneno hayo kama yanayotoka ndani ya mtungi. Nilisikia Mubaraki akimwomba Mungu ampe subira, kisha akiamrisha mizigo ishushwe. Alimtuma mtu na ngamia mmoja kwenda kuleta maji. Mavyaa alinitengenezea kivuli kwa shuka na bakora za Mabedui, akakaa nami chini yake siku ile na iliyofuata, akinipangusa kwa kitambaa chenye maji, akinisomea. Kila nilipofumbua macho nilimwona. Na nilipoweza kuketi, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Umetukawiza."

Tulifika kwa Athmani mchana. Mji wake ulikuwa mdogo, chini ya genge refu jekundu, mitende mbele yake kama zulia la kijani, na nyumba yake ilikuwa na ghorofa nne za udongo. Ndoto zangu zote za miaka ile zilikuwa za mtu mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa. Aliyetoka mlangoni alikuwa mtu mnene, ndevu zimetiwa hina, mtoto mmoja amemshika kanzu, mwingine begani. Alimbusu mamake mkono, akalia kweli kweli. Mimi aliniambia, "Marhaba, marhaba," kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Alikuwa na mke. Hakuwa mzuri wala mbaya, alikuwa mwanamke mpole, na alileta beseni akaniosha miguu kwa mikono yake. Nilitafuta mahali pa kumchukia, sikupaona, na hilo nalo likaniudhi.

Athmani alisema mambo ni rahisi. Nikae. Ghorofa ya juu ni yangu, sheria inamruhusu, mama naye akae apumzike na wajukuu wake, Amu kuna nini tena? Nilimwambia sitaki, nataka aniache nirudi kwetu. Akatikisa kichwa. "Siachi mke," akasema. "Watu watasema nini?" Alisema hivyo bila hasira, anamlisha mwanawe tende, na nilielewa kwamba angeweza kuniweka ghorofa ya juu maisha yangu yote bila hata kuwa na ubaya na mimi.

Nikamgeukia mavyaa. Nilitegemea ule ulimi. Mtu aliyeweza kusimamisha msafara jangwani, nilisema, leo ndiyo siku yake.

Mavyaa alikuwa amempakata mjukuu mdogo, msichana mnene mwenye vifundo vya mikono kama maandazi, anamlisha asali kwa kidole. Hakusema kitu.

Hakusema kitu siku ile, wala zilizofuata. Alikaa na watoto. Aliwaimbia nyimbo za Kiamu wasizozielewa. Alikula, akasifu chakula! Mimi nilikuwa nikizunguka nyumba ile kama kuku aliyekatwa kichwa, nikipanda darini na kushuka, nikitazama lile genge jekundu lililosimama mbele ya kila dirisha. Nilimchukia. Miaka yote amenisema kwa mofa, na sasa penye jambo, amekuwa bubu. Ameshafika. Ana mwana, ana wajukuu, mimi ni mzigo uliosaidia kumfikisha. Nilimwendea mjomba nikamwambia maneno hayo. Akasema, "Mwache, anafikiri," akalala.

Kisha asubuhi moja, baada ya chai, mavyaa alimwambia mjomba amwite imamu wa mji na wazee wawili. Wakaketi sebuleni na Athmani. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa nusu. Mavyaa alikuwa bado amempakata yule msichana. Akasema kwa sauti ya kufika, na mjomba akawatafsiria wale wazee kwa Kiarabu.

"Athmani. Mwache mkaza mwana."

"Mama, yule ni mke wangu."

"Umekaa naye siku ngapi? Mimi ndiye niliyekaa naye. Wewe humyui. Mimi namyua. Ni mkaidi. Hajui kuchoma mofa mpaka leo. Vumbi haoni. Ukimsema anapanda darini, anafikiri sijui." Nikahisi uso unaniwaka, na yule mke mwenzangu, ingawa hakuelewa maneno, akanishika mkono. "Lakini nilikwenda kwao nikamtoa kwa mkono wangu, nikawaambia wazee wake, mwanangu atamweka vyema. Umenifanya mwongo. Mimi! Mwache, nimrudishe kwao kwa mkono huu huu."

Athmani akasema polepole, "Nikimwacha, mama, wewe utakaa?"

Niliona mkono wa mavyaa ukipita juu ya nywele za yule mtoto. Ulipita, ukarudi, ukapita.

"Nani atamrudisha?" akasema. "Huyu mjomba wako atalala ndiani."

Athmani akatamka talaka mbele ya wazee. Imamu akasema vyema, lakini sasa kuna eda, na mwanamke hukaa eda nyumbani kwa mumewe. Hapo ulimi wa mavyaa, uliokuwa umepumzika siku zote zile, uliamka. Nyumba ya mumewe ni ipi? Alimwingiza wapi siku ya harusi? Amu! Hapa ni mgeni, ameletwa na miguu yake. Basi eda yake iko Amu, na Mungu anajua njia ya kwenda. Imamu alijaribu kusema mara tatu. Mwisho akamwambia mjomba, "Nduguyo ana haki. Na kama hana, mimi nimechoka."

Tuliondoka na msafara wa kwanza uliokuwa ukishuka pwani. Mubaraki hakuwemo, nadhani aliomba asiwemo. Mavyaa alimweka chini mjukuu wake mlangoni, akamtazama, akamwambia mama wa mtoto kwamba anamfunga kitambaa cha kichwa kwa kukaza sana. Kisha akatangulia. Juu kabisa, pale njia inapoliacha bonde na miji yote ile ya udongo inapotea machoni mara moja, aliwaambia Mabedui wasimame, anataka kusali.

"Sala gani saa hii?" mmoja akauliza.

"Yangu."

Akasali huku amewapa mgongo. Alisali kwa muda mrefu. Aliposimama akapangusa magoti, akanitazama.

"Na huo mtandio umeufunga kama mgonjwa."

Nilimaliza eda Amu, na mavyaa akanirudisha kwa ami zangu mwenyewe, mbele ya mtaa wote, bila shiraa. Hakulia, hakunikumbatia. Aliwaambia wamtazame mtu wao, hajapungua kitu. Baadaye niliolewa Faza, kisiwani Pate, na fundi wa kuunda majahazi, mtu mzuri, na nikapata mavyaa mwingine, mwanamke mtaratibu mno ambaye sina hadithi yake hata moja. Vita vya Wazungu vikaingia, unga ukaadimika, na habari za Amu nikawa nazisikia kwa mbali.

Nilizaa mtoto wa kike. Siku ya tatu nimelala, mavyaa wangu mpya ameninywesha uji, nikasikia sauti barazani.

"Mlango huu nani kauacha wazi?"

Nilidhani homa. Akaingia, amekonda, jicho moja limeota ukungu, buibui limeloa chumvi mpaka magotini kwa sababu hakungoja abebwe kutoka kwenye mashua. Hakusalimia kitandani. Alizunguka chumba, akagusa ukuta, akaangalia mkeka, akamwuliza mavyaa wangu mpya kama Faza watu hawafagii chini ya vitanda. Yule maskini akatoka kwenda kutafuta ufagio. Kisha akaketi, akamchukua mtoto, akamweka karibu kabisa na jicho lake lililobaki zima.

"Masikio ya babake," akasema. "Basi. Tutayavumilia."

Alikaa nasi. Mume wangu, kwa adabu zake zote, aliniuliza siku moja kama mgeni huyu ana siku ya kuondoka. Mavyaa alikuwa ameshaanza kumfundisha yeye, fundi, kuunda majahazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka. Alikuwa akinifunga tumbo kwa kukaza mpaka nashindwa kupumua, na akiniamsha kuniuliza mbona silali.

Asubuhi moja alipokuwa ananipa uji, nikamwuliza habari za Athmani.

"Mzima. Wana wamekua. Amemtuma mtu kunichukua, nikakae kwake umri niliobakiza."

Nilimkumbuka msichana yule na asali kidoleni. "Utakwenda?"

"Nimemwambia mtu wake siwezi," akasema, akikoroga bakuli. "Nimemwambia nna mzazi Faza, amejifungua juzi."

Akanisogezea kijiko mdomoni. Nikaunywa ule uji, na machozi yakanijia, na nikatafuta neno la kumwambia, neno moja tu zuri baada ya miaka yote ile. Nilitafuta sana.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Mavyaa akaweka bakuli chini. Uso wake wote ulifunguka, jicho lake likang'aa kama la msichana. "Imezidi wapi?" akasema. "Wewe uliyeshindwa na mofa unanifunza mimi chumvi?" Akajiweka sawa juu ya mkeka, tukagombana mpaka adhuhuri.